Kampuni Imeharibu Mto au Shamba Lenu? Namna ya Kuandika Malalamiko Yasiyoishia Kapuni

Kila baada ya wiki chache hunifikia picha ya barua ileile. Kinachobadilika ni jina la kijiji tu. Imeandikwa kwa mkono, ina muhuri wa mtendaji, inaanza na "YAH: MALALAMIKO YETU WANANCHI". Imeelekezwa kwa Meneja wa Mgodi, na nakala zimekwenda kwa watu 11, kuanzia diwani hadi Rais. Kilio kilichomo ni cha kweli. Tarehe hakuna hata moja. Jina la kampuni limeandikwa kama linavyotamkwa kijiweni. Mwishoni wanaomba "hatua stahiki zichukuliwe".

Barua haijibiwi. Miezi 6 baadaye naulizwa: "Kiongozi, sasa tufanyeje?"

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa walio Tanzania na Kenya wenye mgogoro na mgodi, shamba kubwa au kiwanda ambacho mwenyewe yuko ng'ambo. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kuna mahali nitakuambia umtafute wakili, na ukifika hapo usinipigie mimi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika neno lolote

- Kaunta buku lenye jalada gumu na kurasa zilizoshonwa. Daftari la kuchana kurasa halifai.
- Simu yenye kamera, tarehe yake ikiwa sahihi na huduma ya mahali (location) ikiwa imewashwa ili picha ibebe eneo ilipopigwa.
- Karatasi za hospitali: kadi, risiti za dawa, na kwa aliyejeruhiwa, fomu ya polisi ya PF3 (Tanzania) au P3 (Kenya).
- Namba ya RB au OB kwa kila tukio lililoripotiwa polisi. Kama polisi walikataa kuandikisha, andika siku, saa na kituo.
- Karatasi za ardhi: hati ya kimila, fomu za uthamini, na muhtasari wa mkutano wa kijiji uliojadili mradi.
- Watu watatu: mmoja anaandika, mmoja anatunza nyaraka, mmoja anasema. Mtu mmoja akibeba yote matatu, atanunuliwa, ataugua au atahama.

Kila karatasi itolewe nakala 2 na ipigwe picha. Nakala moja ikae nje ya kijiji, kwa mtu mnayemwamini. Nyumba huungua, na nyingine huunguzwa.

## Hatua ya 1: Fungueni daftari la matukio

Kila tukio liwe na mambo matano: siku na saa, mahali, kilichoonekana kwa macho, nani alikuwepo, na hasara kwa hesabu.

Usiandike hivi: *Kampuni inatuua kwa sumu na mifugo yetu imeteketea.*

Andika hivi: *Tarehe 14 Machi, saa 12 asubuhi, maji ya rangi ya kutu yalitoka kwenye bomba lililo hatua 40 juu ya daraja, yakaingia mtoni. Walioona ni watu 3 (majina ukurasa wa 9). Kufikia tarehe 16, ng'ombe 6 wa kaya 3 walikuwa wamekufa.*

Sentensi ya kwanza inaonesha uchungu, na yeyote anaweza kuikanusha kwa neno moja. Ya pili humlazimisha mtu wa kampuni aende kuangalia kumbukumbu zake za tarehe 14.

Ukikosea, pitisha mstari mmoja juu ya neno, weka saini, andika upya. Usifute kwa kalamu nyeupe. Na usiongeze ng'ombe. Najua kishawishi kilivyo: jirani amepoteza 2, anasema tuandike 5 maana watatukata tu. Mkibainika mmedanganya kwa ng'ombe 3, hata wale 6 wa kweli hawataaminika.

Mwaka 2011 mahakama nchini Ecuador iliiamuru Chevron, kampuni ya mafuta ya Marekani, ilipe mabilioni ya dola kwa uchafuzi wa mafuta katika msitu wa Amazon; rufaa ilipokwisha, kiasi kilibaki takriban dola bilioni 9.5. Mwaka 2014 jaji wa New York akaamua kwamba hukumu ile ilipatikana kwa ulaghai wa upande wa mawakili wa wadai. Uchafu ulikuwepo, lakini fedha hazikufika. Tena Chevron haikuwa na mali ya maana ndani ya Ecuador ya kukamatwa, jambo ambalo tutalirudia.

Utajua umefaulu pale mgeni asiyewahi kufika kijijini atakaposoma kurasa 3 na kuweza kuchora ramani ya kilichotokea.

## Hatua ya 2: Pateni kipimo kimoja cha mtaalamu

Kipimo kimoja safi kinazidi shuhuda 200.

Hapa niliwahi kuumbuka. Kundi nililokuwa nikilisaidia lilichota maji ya mto kwenye chupa ya soda, tukasafiri nayo usiku kucha kwenye basi, tukaifikisha maabara tukijiona washindi. Dada wa mapokezi aliuliza maswali matatu: nani kachota, lini, na chupa ilikuwa na nini kabla. Hatukuwa na jibu la hata moja lililoandikwa. Tukarudi na chupa yetu.

Fanyeni hivi badala yake:

1. Nendeni kwanza maabara mkaulize. Tanzania na Kenya zote zina ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na zipo maabara za vyuo vikuu. Waombeni wawape chupa zao. Chupa ya kupimia metali huwekewa asidi kidogo, ya sayanidi huwekewa dawa nyingine. Ukikosea chupa, unachokitafuta kinaweza kupotea njiani.
2. Chukueni sampuli sehemu mbili: juu ya mto, kabla maji hayajapita kwenye eneo la kampuni, na chini, baada ya kupita. Huu ndio moyo wa jambo. Mkileta ya chini peke yake, kampuni itajibu kwamba mwamba wa eneo lenu una metali hizo tangu asili, na huenda ni kweli.
3. Kila chupa iwe na kibandiko: namba, siku, saa, mahali, jina la aliyechota. Kila anayeikabidhi kwa mwingine asaini kwenye karatasi moja inayosafiri na chupa.
4. Barafu kwenye ndoo yenye mfuniko, na safari ya siku hiyohiyo ikiwezekana.

Kwa watu, kipimo ni damu. Kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ilisimama juu ya vipimo vya damu vilivyoonesha risasi (ile metali, si ya bunduki) kwa wakazi wa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Angalia miaka hiyo. Bila karatasi za maabara, nani angekumbuka kilichomo kwenye damu ya mtoto miaka yote hiyo?

Utajua umefaulu ukiwa na cheti cha maabara chenye muhuri, kinachotaja sehemu mbili za mto na kiwango kinachoruhusiwa kisheria kando yake.

## Hatua ya 3: Mtafuteni mama, kisha bibi

Barua nyingi hufia hapa. Kampuni mnayoiona getini ni mtoto. Mama yake yuko mji mwingine, na bibi yuko kwenye soko la hisa la nchi ambayo hamjaifikiria. Mtoto anaweza kufilisika, kubadilishwa jina au kuuzwa, na mkaachwa mkidai kibao cha njiani.

Chukua mgodi wa North Mara, Tarime. Getini kuna kampuni ya Tanzania. Juu yake ilikuwepo African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, hisa zake zikiuzwa London. Juu ya hiyo, Barrick ya Toronto. Wanavijiji waliodai kujeruhiwa au kupoteza ndugu kwa risasi walifungua kesi London mwaka 2013, na mwaka 2015 wakafikia makubaliano. Mwaka 2019 Barrick ikainunua Acacia yote, na jina hilo likatoka kwenye soko la London. Wengine walipofungua kesi Ontario, Kanada, mwaka 2022, jaji wa huko alikataa kuisikiliza mwaka 2024, akiona mahali pake ni Tanzania. Mgodi ni uleule na geti ni lilelile, ila mlango wa kubisha ulihama.

Pa kutafuta:

- Tanzania: BRELA, msajili wa kampuni, kwa njia ya mtandao. Kuna ada ndogo. Ombeni taarifa za wanahisa na wakurugenzi.
- Kenya: CR12, hati inayoonesha wanahisa na wakurugenzi, kupitia eCitizen.
- Uingereza: tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa huko, bure kabisa.
- Kampuni yenye hisa sokoni: pakueni ripoti ya mwaka kwenye tovuti yake. Nendeni kurasa za mwishomwisho, kwenye orodha ya kampuni tanzu. Jina la mtoto wenu limo humo, pamoja na asilimia.

Mkiwa humo, pakueni pia ripoti ya uendelevu, ile yenye picha za watoto wanaocheka bombani. Watu huiona ni propaganda wakaipita. Ni dhahabu! Wakazi 1,826 wa eneo la Chingola, Zambia, waliishtaki London kampuni ya Vedanta pamoja na mtoto wake, Konkola Copper Mines, kwa uchafuzi wa mito. Vedanta ikajitetea kwamba isiingizwe kwenye mambo ya Zambia. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaruhusu kesi iendelee, na kati ya vilivyowabeba wanakijiji ni maandishi ya Vedanta yenyewe, iliyojisifu kwamba inasimamia viwango vya mazingira kwenye kampuni zake zote. Mwaka 2021 wakafikia makubaliano. Kwa hiyo kila sentensi inayosema "tunasimamia", "tunahakikisha", "katika shughuli zetu zote duniani", ipigieni mstari na mwandike namba ya ukurasa.

Halafu ulizeni maswali mawili ya ziada: nani amewakopesha, na nani ananunua mazao yao. Wafanyakazi na majirani wa shamba la Kakuzi, Murang'a, walipompeleka mama yake, Camellia, mahakamani Uingereza kwa madai ya vipigo, ubakaji na mauaji yaliyodaiwa kufanywa na walinzi, duka kubwa la Tesco lilisitisha kununua parachichi zake. Hiyo ilikuwa Oktoba 2020. Februari 2021 yalitangazwa makubaliano ya hadi pauni milioni 4.6. Sisemi duka ndilo lililomaliza kesi. Nasema mnunuzi ana sikio ambalo meneja wa shamba hana.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye mchoro wa ukoo: mtoto, mama, bibi, mkopeshaji, mnunuzi, na nchi kando ya kila jina.

## Hatua ya 4: Ombeni nyaraka kwa sheria

Hii ni fupi. Nchi zote mbili zina sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2016. Tanzania ofisi ya umma ina siku 30 za kujibu, Kenya siku 21. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake, masharti ya leseni, na taarifa za ukaguzi. Tajeni sheria kwa jina na mweke tarehe. Msiombe "taarifa zote kuhusu mgodi", mtapewa hakuna.

Mkikataliwa, barua ya kukataa nayo ni ushahidi.

## Hatua ya 5: Andikeni barua ya kurasa 2

Mambo yawe kwa mpangilio huu:

1. Sisi ni nani, tunaishi wapi, umbali gani kutoka eneo la kampuni.
2. Kampuni ni ipi, kwa jina kamili la usajili, na mama yake ni nani.
3. Kilichotokea, kwa tarehe. Matukio 3 mazito yanatosha. Mengine yaingie kwenye kiambatisho.
4. Ushahidi tulionao (Kiambatisho A, B, C).
5. Sharti au ahadi iliyovunjwa: kifungu cha leseni, au ukurasa wa ripoti yao.
6. Tunachotaka.
7. Siku ya mwisho ya kujibu, na anwani ya kujibia.

Namba 6 ndiyo inayowashinda wengi. "Hatua stahiki" si ombi. Andika: *Tunaomba boza 2 za maji safi kila siku hadi mto upimwe na kuonekana salama, malipo ya ng'ombe 6 kwa bei ya mnadani, na bomba lifungwe ndani ya siku 14.* Kaeni mkutano mkubaliane kuhusu hili kabla ya kuandika, wanawake na vijana wakiwepo. Nimeona kijiji kikigawanyika mbele ya kampuni kwa sababu wazee walitaka zahanati na wengine walitaka fedha taslimu, na meneja akafurahi sana.

Msitukane, msitishe, msiseme mtafunga barabara. Kiswahili ndicho kiwe barua halisi. Mkipeleka nje, ambatisheni tafsiri. Mwalimu wa sekondari anaweza.

Utajua umefaulu nakala yenu ikigongwa muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe. Mlinzi wa geti akikataa kuipokea, itumeni kwa EMS ya posta na mtunze risiti.

## Hatua ya 6: Chagueni mlango

Msigonge yote kwa siku moja. Kila mlango una kazi yake.

Dawati la malalamiko la kampuni. Lipo karibu na ni la haraka, linafaa kwa nyumba iliyopasuka au mazao yaliyokanyagwa. Hatari yake ni karatasi ya mwisho. Huko Porgera, Papua New Guinea, zaidi ya wanawake 100 waliodhulumiwa na walinzi wa mgodi walipewa fidia kwa sharti la kutoishtaki kampuni tena. Wanawake 11 walikataa, wakatafuta mawakili, na mwaka 2015 wakafikia makubaliano yao wenyewe. Msisaini chochote siku mliyopewa. Kama kuna maneno kama "malipo ya mwisho" au "naachilia haki yangu", karatasi hiyo ikasomwe na wakili kwanza.

NEMC (Tanzania) au NEMA (Kenya), wasimamizi wa mazingira wa serikali. Wana meno. Mei 2019 NEMC iliitoza North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Ila elewa: faini huenda serikalini. Fidia yenu ni dai jingine. Taarifa ya ukaguzi ya NEMC ndiyo mnayoihitaji, ombeni nakala.

Ofisi ya OECD katika nchi ya bibi. Uingereza, Kanada, Uholanzi na nchi nyingine zilizosaini miongozo ya OECD (jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi) kwa kampuni za kimataifa zina ofisi ya kupokea malalamiko. Ni bure na haihitaji wakili. Inalenga kumaliza tathmini ya awali ndani ya miezi 3, kisha husuluhisha. Haiwezi kulazimisha malipo. Nguvu yake ni taarifa inayochapishwa, ambayo wawekezaji husoma.

CAO, ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia. Ni kwa mradi uliofadhiliwa na IFC (tawi la benki hiyo linalokopesha kampuni binafsi) au uliodhaminiwa na MIGA (tawi lake la bima) tu, ndiyo maana niliwaambia mtafute mkopeshaji. Malalamiko hupokelewa kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, na mnaweza kuomba majina yenu yasitolewe.

Mahakama. Kenya, Ibara ya 70 ya Katiba inakuruhusu kufungua shauri la mazingira hata bila kuonesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Kwa madai ya fidia ya madhara, kanuni ya kawaida Tanzania na Kenya ni miaka 3, na Uingereza pia ni miaka 3 kwa madhara ya mwili. Saa huhesabu hata mnapokuwa mnasubiri majibu ya barua. Na kumbukeni Ecuador: kabla ya kufungua kesi popote, ulizeni kama kampuni ina mali ya kukamatwa mahali hapo.

Ikiwa kuna aliyekufa, aliyejeruhiwa vibaya, aliyebakwa, au miaka 2 imeshapita tangu tukio, acheni kusoma mwongozo, tafuteni wakili wiki hii. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) kwa Tanzania na Kituo cha Sheria kwa Kenya ni mahali pa kuanzia.

## Hatua ya 7: Jilindeni kabla ya kutuma

Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya Owino Uhuru, alikamatwa mwaka 2012, akashtakiwa, baadaye akaachiwa huru. Alishambuliwa pia na watu wenye silaha. Msijidanganye kwamba ukweli ni ngao.

- Msirushe tuhuma kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya barua kupokelewa. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na nyie ndio mtakaoambiwa muthibitishe.
- Barua isainiwe na wengi, majina yakipangwa kwa duara, asijulikane wa kwanza.
- Usiende peke yako kwenye kikao na kampuni. Nendeni watatu, mmoja aandike kila kinachosemwa.
- Chai na nauli ya kikao: pokeeni ikiwa lazima, ila andikeni kiasi kwenye daftari na mkisome hadharani kijijini.

## Hatua ya 8: Tengenezeni orodha ya wadai kabla ya fedha kuja

Watu huniambia hili ni la baadaye. Agosti 2006 taka za sumu kutoka meli ya Probo Koala zilimwagwa Abidjan, Côte d'Ivoire. Mwaka 2009 Trafigura ilikubali London kulipa pauni milioni 30 kwa wadai wapatao 30,000. Fedha zilipofika benki ya Abidjan, kikundi kilichodai kuwawakilisha wahanga kikazigombania mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya huko ikaamuru wakabidhiwe wao. Watu wapatao 6,000 hawakupata senti yao.

Orodha iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, kaya, aina ya hasara, jina la mrithi, na dole gumba. Isomwe kwenye mkutano mkuu, ipingwe palepale na anayepinga, kisha ifungwe kwa muhtasari uliosainiwa. Nakala moja ya wakili, moja ya kijiji, moja ya yule mtu wa nje ya kijiji. Katika makubaliano yoyote, andikeni kwamba malipo yaende moja kwa moja kwenye akaunti au simu ya kila mdai, si ya kamati, hata kama kamati hiyo mwenyekiti wake ni wewe.